Nepi za kisasa za kitambaa zimeanza kuvuja na kunuka baada ya wiki sita: nimekosea wapi?

Mama wa Kimara ameuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mama wa mtoto wa kwanza, mvulana wa miezi minne mwenye kilo 6.5, na ninaishi Kimara, Dar es Salaam. Alipofikisha miezi miwili na nusu niliamua kuachana na pampasi kwa sababu zilikuwa zinakula pesa ya sokoni, nikanunua kwa pamoja nepi 12 za kisasa za kitambaa, zile zenye kava la nje lisilopitisha maji, safu za vifungo vya kubonyeza vya kuongezea na kupunguzia urefu, na mfuko kwa ndani ambamo huchomekwa kitambaa cha kunyonya mkojo. Muuzaji aliniambia kwamba zitamfaa mtoto hadi atakapoacha kuvaa nepi, akanifungia mzigo wangu, na maelezo yakaishia hapo.

Wiki mbili za kwanza niliwasifia majirani hadi wakanichoka. Wiki ya tatu mkojo ulianza kupenya mapajani, na sasa nepi ambayo nimeifua, nikaianika na kuikunja ikiwa inanukia vizuri, ikipata mkojo wa kwanza tu hutoa harufu kali inayochoma pua. Juzi usiku nilimnyanyua mtoto nikakuta shuka limelowa hadi mgongoni kwake, ilhali kitambaa cha ndani, nilipokichomoa, kilikuwa kimelowa katikati tu na ncha zake zote mbili zilikuwa kavu kabisa. Hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote, maana kama kitambaa kikavu, mkojo umepitia wapi?

Naeleza ninavyofua bila kuficha kitu. Nepi chafu hukaa kwenye ndoo yenye maji na jiki kidogo, nimeifunika, mpaka jioni ninaporudi kutoka kazini. Hufua kwa mkono na sabuni ya mche, husuuza mara mbili, na maji ya mwisho huyatia dawa ya kulainisha nguo. Maji ya bomba hatupati kila siku, kwa hiyo mara nyingi hutumia ya kisima cha jirani, ambayo yana chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu mpaka uisugue sana. Kila ninapombadilisha mtoto humpaka mafuta mgando. Mama mkwe wangu, ambaye yuko nasi tangu nijifungue, anasisitiza kwamba nguo ya mtoto mchanga lazima ipigwe pasi kwa sababu ya funza, nami nilimtii, nikaharibu makava mawili: utando wa ndani ulijikunyata kama utandu wa maziwa yaliyochemka.

Sasa mtoto ana wekundu na vipele makalioni, masika yametuingilia na nguo hazikauki, na mama mkwe anasema kwamba, mbali na vipele, bunda nene namna hiyo katikati ya miguu litampatia mtoto matege. Naomba mwenye uzoefu aniambie kama nepi hizi zinaweza kuokolewa, au pesa yangu imeshakwenda na maji.

Mama Pacha, Tabata:

Pole sana, mdogo wangu. Nepi zako hazijafa, zimebeba mabaki ya sabuni na mafuta. Nasema hivyo bila kuziona kwa sababu umejieleza vizuri, na kwa sababu nimepita njia hiyohiyo na mapacha wangu, nikiwa na nepi 30 na kisima cha chumvi kama chako.

Ukitaka kuhakikisha, fanya jambo moja leo kabla ya kulala. Chukua kitambaa kimoja cha ndani ambacho umeshakifua na kukikausha. Kabla ya kukilowesha, kidondoshee tone moja la maji na uangalie: tone likizama mara moja, kitambaa ni kizima, likikaa juu yake na kuviringika kama linavyokaa juu ya jani la gimbi, kimeshika mafuta. Hapo utakuwa umejua mkojo wako ulipitia wapi. Mtoto anapokojoa kwa nguvu na kitambaa kikaukataa, mkojo huteleza juu yake ukatafuta upenyo wa karibu, na upenyo huo ni paja au mgongo. Baada ya hapo kitumbukize kitambaa hicho kwenye beseni la maji safi ya uvuguvugu, bila sabuni yoyote, ukikamue na kukiachia mara kadhaa kama mtu anayekamua tui. Maji yakitoa povu au yakawa na ukungu mweupe, ujue unakausha nepi zikiwa bado na sabuni.

Mafuta yanatoka sehemu mbili, mafuta mgando na dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo huifanya nguo iwe laini kwa kuipaka utando mwembamba unaofunika nyuzi, na utando huohuo ndio unaozuia maji kuingia. Kuhusu sabuni, lawama si ya mche wenyewe bali ya mche ukikutana na kisima chako. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta, na ikiingia kwenye maji yenye kalisi na magnesi nyingi hugeuka utando wa kijivu usioyeyuka, ule unaouona umeganda kwenye ukingo wa beseni. Ulioko kwenye beseni unaufuta, lakini ulioko ndani ya kitambaa unaendelea kujijenga kila siku. Vitambaa vya mikrofaiba, ambavyo bila shaka ndivyo ulivyouziwa, vina nyuzi nyembamba sana na nyingi sana, hivyo huushika kuliko pamba. Kuhusu harufu, bakteria waliojificha kwenye mabaki hayo huuvunja mkojo na kutoa amonia, ndiyo maana nepi inanukia vizuri ikiwa kavu na inakutoa machozi mara tu inapoloweshwa.

Dawa yake ni kazi ya siku moja, nayo inachosha. Tenga makava na vitambaa vya ndani. Vifue vitambaa kwa maji ya moto kadiri mkono unavyostahimili, kwa sabuni ya unga ya kawaida isiyo na dawa ya kulainisha ndani yake, uvisugue sawasawa, kisha usuuze bila kuhesabu mara mpaka maji yatulie pasipo povu. Mimi siku ya kwanza nilisuuza mara saba. Kwa kusuuza usitumie maji ya kisima hata kidogo. Weka akiba ya maji ya bomba, yale ya Ruvu, au kinga maji ya mvua chini ya bati, kwa kuwa masika hayo unayoyalalamikia yanakuletea bure maji laini kuliko yote.

Kuanzia hapo achana na ndoo ya maji yenye mfuniko, kwa sababu kuloweka nepi kutwa nzima katika joto la Dar es Salaam ni kuwapikia bakteria supu. Kinyesi kimwage chooni, nepi iliyokojolewa isuuze papo hapo kwa maji ya baridi na uikamue, uiweke kwenye ndoo kavu iliyo wazi au tenga lenye matundu, na ufue siku hiyohiyo au kesho yake. Jiki iache pia. Inakula mpira wa lastiki na utando wa kava, na ngozi ya mtoto haiipendi.

Nepi 12 kwa mtoto wa miezi minne ni chache. Ukimbadilisha mara saba au nane kwa siku, unafua kila siku na hakuna inayopata nafasi ya kukauka. Tazama pia jinsi unavyomvalisha: lastiki ya mguuni inatakiwa ikae kwenye mkunjo wa kinena, pale pindo la chupi linapokaa, wala si katikati ya paja, na vidole viwili vipenye tumboni bila kubanwa.

Mkunga Mstaafu, Morogoro:

Mwanangu, nimefanya kazi wodi ya wazazi na kliniki ya watoto kwa miaka mingi, na ningependa kwanza tumtazame mtoto kabla ya nepi.

Mvue, mlaze kwenye mwanga wa dirisha, umtazame vizuri. Ikiwa wekundu uko kwenye sehemu zilizojitokeza, yaani juu ya makalio na mapaja, na ndani ya mikunjo ngozi ni nzima, huko mara nyingi ni kubabuka kwa mkojo uliokaa muda mrefu au kwa mabaki ya sabuni. Ikiwa wekundu umezama ndani ya mikunjo yenyewe, ni mwekundu mkali, na pembeni yake kuna vipele vidogo vilivyotawanyika kama visiwa, hao ni fangasi, na mafuta mgando hayatawaondoa hata ungempaka kopo zima. Unahitaji dawa kutoka kituo cha afya. Ukiona malengelenge, usaha, au mtoto ana homa, usisubiri majibu ya mtu yeyote hapa, mpeleke leo.

Kwa kubabuka kwa kawaida, tiba kubwa ni hewa. Mwache bila nepi juu ya khanga iliyokunjwa kwa nusu saa, mara kadhaa kwa siku, msafishe kwa maji peke yake, umkaushe kwa kugusagusa bila kusugua, na umbadilishe kila baada ya saa mbili awapo macho. Pampasi ina chembechembe zinazogeuza mkojo kuwa kama uji mzito na kuuweka mbali na ngozi, kwa hiyo imewazoesha akina mama kusubiri mpaka ijae. Kitambaa hakina uwezo huo, na mama anayevisha kitambaa kwa saa za pampasi atapata vipele hata kama anafua kwa maji ya mbinguni. Ikilazimu kumpaka mafuta, weka kipande cha khanga kuukuu kati ya ngozi na nepi, ili mafuta yaishie hapo.

Sasa nimtetee mama mkwe wako, kwa sababu katika suala la pasi hajakosea. Yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa majanini, na harufu ya mkojo humvuta zaidi. Mayai yakianguliwa, kifunza kinaweza kukaa kwenye nguo hadi wiki mbili hivi kikisubiri ngozi yenye joto, kisha kikaingia na kutokeza jipu lenye tundu dogo katikati. Nimewatoa vifunza hao kwenye migongo na makalio ya watoto wachanga mara nyingi, na karibu kila mara nilipouliza, nepi zilikuwa zimeanikwa uani na hazikupigwa pasi. Kwa hiyo kila kitambaa cha pamba kinachogusa ngozi kipige pasi pande zote mbili, hasa kwenye pindo na mishono. Makava, ambayo hayavumilii pasi, yaanike ndani ya chumba chenye nyavu madirishani. Kitambaa chake cha nje hakinyonyi maji mengi, hivyo likikamuliwa vizuri hukauka upesi hata mbele ya feni. Ukitaka kuanika koridoni, panafaa iwapo tu pana wavu. Bila wavu, kivuli hicho ndicho anachokitafuta inzi.

Kuhusu matege, hapo namwomba radhi mama, maana nepi nene haijampinda mtoto mguu. Karibu kila mtoto huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo kwa sababu alikuwa amejikunja tumboni, na hunyooka yenyewe akikaribia miaka miwili. Yasiyonyooka, au yanayozidi, mara nyingi hutokana na upungufu wa vitamini D, na nyonga za mtoto hupenda miguu ikae imepanuka, kama inavyokaa anapobebwa mgongoni.

Baba Wawili, Ubungo:

Nawaheshimu dada Mama Pacha na mama mkunga, lakini ningependa mwenzetu aelezwe na upande ambao wauzaji hawausemi. Nyumbani kwetu tulitumia nepi hizi kwa watoto wawili, na mfuaji mkuu nilikuwa mimi, kwa sababu mke wangu alijifungua kwa upasuaji na hatukuwa na dada wa kazi.

Hesabu inayopigwa kila siku ni hii: pampasi tano kwa siku kwa shilingi 500 kila moja ni shilingi 2,500, yaani 75,000 kwa mwezi, na ukinunua nepi za kitambaa zote hizo zinabaki mfukoni. Hazibaki zote. Wakati ule maji ya bomba yalikatika kwetu kwa miezi, tukawa tunanunua dumu la lita 20 kwa shilingi 300. Kufua nepi za siku mbili na kuzisuuza sawasawa kulimaliza madumu sita, yaani shilingi 1,800, ambazo kwa mwezi ni 27,000. Ongeza sabuni na mkaa wa kuchemshia maji, tulikadiria 10,000. Kilichookolewa kikawa 38,000 kwa mwezi. Tulinunua nepi 24 kwa shilingi 12,000 kila moja, jumla 288,000, kwa hiyo zilichukua miezi kati ya saba na minane kurudisha gharama zake. Faida halisi tuliiona kwa mtoto wa pili, aliyerithi zote, na tungeipata mapema kama maji yangekuwa ya bomba. Sisemi haya kumkatisha tamaa, ila anayeingia kwenye jambo hili akidhani ataokoa 75,000 tangu mwezi wa kwanza huliacha mwezi wa tatu.

Na mikono je? Mnaandika "suuza mpaka povu liishe" kana kwamba maji yanajisuuza. Mama huyu anarudi kutoka kazini jioni. Baba wa mtoto hajatajwa popote katika maelezo yake, nami simlaumu mtu nisiyemjua, ila nauliza tu kwa adabu kama anajua nepi zinapoanikwa.

Hata suala la mazingira lina masharti yake. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha mwaka 2008 tathmini iliyolinganisha aina hizi mbili kwa miaka miwili na nusu ya mtoto mmoja, ikaonekana kwamba pampasi zilizalisha takriban kilo 550 za hewa ya ukaa na nepi za kufua, kwa mazoea ya kawaida ya kule, takriban kilo 570, kwa sababu ya mashine za kufulia kwa maji ya moto na za kukaushia. Waliofua mashine ikiwa imejaa, wakaanika kambani na kumrithisha mtoto wa pili, walishuka kwa takriban asilimia 40. Sisi tunafua kwa mkono na kuanika juani, kwa hiyo tuko upande wenye nafuu. Huku kwetu, hata hivyo, naona tatizo kubwa zaidi ni pampasi zenyewe kuonekana mitaroni kila mvua inaponyesha, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, watu wengi mtaani kwetu hawajui wazifungie nini.

Ushauri wangu ni mchanganyiko: kitambaa mchana, pampasi moja usiku na safarini, mpaka masika yaishe. Kituo cha kulelea watoto tulichokuwa tunampeleka wa kwanza kilikataa nepi za kitambaa katakata, tukakubali yaishe, na mtoto hakupungukiwa na kitu.

Fundi Cherehani, Tanga:

Asalaam aleikum. Mimi ni fundi wa nguo za watoto, na wateja huniletea nepi hizi ama kubadilisha lastiki ama kushonewa vitambaa vya ndani. Mama Pacha amesema kweli tupu kuhusu sabuni. Langu linahusu kitu chenyewe jinsi kilivyoundwa, kwa kuwa naona watu hununua nepi nzima nzima wakati kilicho kipya ndani yake ni kava tu.

Kava ni kitambaa cha poliesta kilichogandishwa kwa ndani utando mwembamba wa poliurethani. Utando huo ndio unaozuia maji na bado ukapitisha joto kidogo, tofauti na chupi za plastiki za zamani zilizokuwa zikiwachemsha watoto. Pasi huuyeyusha, maji yanayotokota huuachanisha na kitambaa chake, pini huutoboa, na tundu moja la pini linatosha kuvujisha usiku kucha. Yale makava mawili yaliyojikunyata hayatengenezeki, dada yangu. Ng'oa lastiki na vifungo, uvitunze. Aliyelifikiria kava la namna hii mapema alikuwa mama wa nyumbani wa Marekani, Marion Donovan, aliyekata pazia lake la bafuni mwaka 1946 akalishonea cherehanini, akaweka vifungo vya kubonyeza badala ya pini, na akapata hataza mwaka 1951, miaka kumi kabla ya ile chapa iliyozipa pampasi jina haijaingia sokoni.

Cha ndani hakina siri yoyote, ni kitambaa cha kunyonya. Ukiwa na makava manane mazima na nepi za mraba 24 za taulo au flaneli, zile tunazoziita winda huku pwani, una mfumo bora kuliko uliouziwa. Unaikunja nepi mara tatu kwa urefu, unaizidisha unene upande wa mbele kwa kuwa mtoto ni wa kiume na mkojo wake hupiga mbele, unailaza juu ya kava na kufunga. Ikilowa unabadilisha nepi, na kava, kama halikuguswa na kinyesi, unalifuta na kulirudisha. Mtoto akilala kifudifudi utaona mwenyewe kwa nini unene wa mbele una maana.

Faida yake kubwa ni masika. Kitambaa kilichoshonwa tabaka nne au tano pamoja, hasa cha nyuzi za mianzi, hunyonya vizuri lakini hubana maji katikati. Unakigusa juu kikavu, kumbe ndani kibichi, na kesho yake kinanuka uvundo. Nepi ya mraba ukiikunjua ni tabaka moja, upepo unaipita, inakauka, na inavumilia pasi na maji ya kuchemka. Kwa hiyo inzi wa mama mkunga, fangasi na mvua vyote vinapata jibu kwenye kitambaa kilekile ambacho bibi zetu walitumia, tofauti ni kava la juu.

Kama huna nepi za mraba, usikimbilie dukani. Taulo kuukuu na fulana za pamba zilizochakaa hunyonya kuliko mpya, kwa kuwa kufuliwa kwingi kumeondoa mafuta na wanga wa kiwandani. Pamba mpya na nyuzi za mianzi hufuliwa mara tano au sita kwanza ndipo zinyonye sawasawa. Mikrofaiba zako zibakize, ila zisiguse ngozi moja kwa moja, zitamkausha na kumkwaruza; zichomeke chini ya pamba.

Mama wa Kimara:

Shikamoo mama mkunga, na nyote mliojibu nawashukuru kwa muda wenu. Nimekaa kimya siku 18 kwa makusudi, nilitaka kujaribu kwanza ndipo niandike.

Tone la maji lilikaa juu ya kitambaa nikahesabu hadi 40, bado limesimama. Nilipokitia kwenye beseni na kukikamua, maji yaligeuka kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele, na nilikuwa nimekifua asubuhi ile. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Hakusema neno, akaenda kuweka sufuria la maji jikoni. Tuliifanya kazi hiyo Jumamosi nzima, mimi, yeye, na baba mtoto, ambaye nilimsomea aya ya Baba Wawili kwa sauti na akajifanya hakuisikia, kisha akaenda kukinga maji ya mvua ndoo tano. Vitambaa vya mikrofaiba vilihitaji kusuuzwa mara tisa.

Kituo cha afya walisema ni kubabuka kwa kawaida, si fangasi. Siku ya sita wekundu ulikuwa umeisha. Harufu imetoweka kwenye vitambaa kumi, na viwili bado vinanuka kidogo, nimevitenga. Usiku namvalisha pampasi moja mpaka mvua zikatike. Mchana natumia makava yangu kumi na nepi za mraba alizozitoa mama mwenyewe kwenye sanduku lake, za mume wangu alipokuwa mtoto, laini kama ulimi, naye ndiye anayezipiga pasi. Kwenye matege hajakubali.

Fundi, nina taulo mbili kubwa kuukuu ninazotaka kuzikata. Nizikate kwa kipimo gani, na je, ninunue uzi wa namna gani ili pindo lisichanike?

Fundi Cherehani, Tanga:

Kata mraba wa sentimita 60 kwa 60, na zikibaki sehemu nyembamba, zikate sentimita 15 kwa 35 ziwe za kuongezea unene wa mbele. Usikunje pindo mara mbili, litakuwa nene na halitakauka. Pitisha zigizaga ukingoni kwa uzi wa poliesta, kwa kuwa wa pamba hukatika upesi kwa kufuliwa kila siku. Ukingo wa taulo wenye ile mistari iliyosukwa bila manyoya uukate kabisa, kwa sababu haunyonyi na hujikunja baada ya kufuliwa. Vile vitambaa viwili vinavyonuka vianike vikiwa vimelowa kwenye jua kali siku nzima, mara mbili au tatu, kabla hujavifanya vya kudekia.